Rasimu ya Mwalimu Kindi na Pua ya Nyati

Zamani za kale, wanangu, zama ambazo wanyama walipika, walioana, walizikana na walikuwa na chuo kikuu chao, siku ya Jumanne, mwezi ishirini na moja Mfungo Tano, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Kindi aliweka kikombe chake cha chai chini, akasema, "Alhamdulillahi," akaegemea ukuta. Hakuinuka tena.

Mkewe, Bi Kindi, alidhani amesinzia. Alimwita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti. Mara ya tatu hakumwita. Alikaa chini karibu naye, akamfumba macho.

Mwalimu Kindi alikuwa mdogo wa mwili, lakini alikuwa mtafiti mkubwa. Maisha yake yote aliyatumia kwenda kisima hiki na kisima kile, akinusa, akionja, akiandika. Alitaka kujua kwa nini watoto wa wanyama huumwa tumbo kila mvua za kwanza zinaponyesha. Na alikuwa amejua! Kazi aliimaliza, akampa Fisi, mwenye jarida, aichape.

Bi Kindi alikaa eda, kama ilivyo ada. Hakutoka nje. Eda ilipokwisha, mvua nazo zikaanza, pwaa! Na mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa shoga yake, Bi Swala, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shoga, mwanangu anaharisha tangu juzi. Wa Pundamilia naye hivyo hivyo. Hatujui maji ya kisima gani ni mabaya. Marehemu hakukwambia?"

"Aliniambia mengi, shoga. Lakini visima ni vingi, na kila kimoja kina msimu wake. Sikumbuki. Nikikwambia kwa kubahatisha nitaua mtoto. Yote ameyaandika. Kwani jarida la Fisi halijatoka?"

"Limetoka! Limefungiwa pangoni kwake. Kusoma ukurasa mmoja unatoa mfupa mmoja."

"Mfupa?"

"Mfupa, shoga! Nimemwambia, Bwana Fisi, mifupa ninayo, lakini yote naitumia, ndiyo inayonisimamisha hapa. Akanitazama miguu, akasema tunaweza kuelewana. Nikatoka mbio."

Bi Kindi alitaka kucheka, akakumbuka mtoto anayeumwa. Alijifunga ushungi, akashika njia kwenda chuoni.

Huko chuoni kulikuwa na chumba kikubwa kiitwacho Hazina. Mlango wake haukuwa na komeo. Kazi yoyote iliyowekwa humo, mnyama yeyote aliingia akasoma bure, awe Tembo, awe Panya. Mkutubi wake alikuwa Nungunungu, bwana mmoja mwangalifu sana, aliyeandikia miiba yake mwenyewe.

"Pole na msiba, dada," alisema Nungunungu. "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Kabla hajampelekea Fisi kazi yake, alinikabidhi mimi rasimu yake, aliyoiandika kwa mkono. Ile pale juu ya rafu, nimeifunga kwa kamba."

Bi Kindi aliinua macho kwenye rafu. "Basi ifungue, kaka! Iweke watu wasome."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hakimiliki, dada. Aliyeandika ndiye mwenye haki, na akifa, haki ni ya warithi wake. Lakini Fisi anadai marehemu alimpa kila kitu, na rasimu pia. Mimi sijui kama kweli. Akisema mwenyewe mbele ya watu kwamba rasimu si yake, naifungua saa hiyo hiyo. Asiposema, siigusi. Kuna wenye meno, na kuna sisi."

"Wewe si una miiba?"

"Miiba ni ya kuandikia," alijibu Nungunungu kwa haya.

Bi Kindi akaenda moja kwa moja pangoni kwa Fisi. Alimkuta amekaa juu ya rundo la majarida, anaguguna mfupa, gugu, gugu, gugu.

"Shemejiii!" Fisi alipaza sauti. "Karibu! Mimi na marehemu tulikuwa kama chanda na pete. Nimelia mpaka nimepungua."

"Naona, shemeji," alisema Bi Kindi, akitazama tumbo la Fisi. "Nimekuja kwa jambo dogo. Watoto wanaumwa. Nakuomba uruhusu rasimu ya mume wangu iwekwe Hazina."

"Hii hii hii hii!" Fisi alicheka. "Bure?"

"Bure. Mume wangu aliandika ili watoto wapone. Kila atakayesoma akanufaika, thawabu zinamfuata yeye kaburini. Ni sadaka yake hiyo, shemeji. Hana nyingine. Hatukujaliwa mtoto wa kumwombea."

Fisi aliacha kuguguna, akafikiri kidogo, kisha akaendelea kuguguna.

"Shemeji, uchungu wako naujua. Lakini jarida ni langu, rasimu ni yangu, wino ni wangu, hata kikohozi alichokohoa akiandika ni changu. Aliweka kidole gumba chake kwenye mkataba."

"Mkataba unasema rasimu?"

"Mkataba ni mrefu, shemeji. Nani anausoma?"

"Na kazi yenyewe umeisoma?"

Fisi alishangaa kama aliyeulizwa kama ameonja majani. "Mimi nachapa, shemeji. Kusoma ni kazi ya wasomaji."

Bi Kindi aliaga. Njiani alitembea polepole, anawaza. Alimkumbuka mumewe akirudi visimani na tope mpaka magotini, akicheka peke yake na kusema, "Ile pua ya Nyati, mke wangu! Nimeshaitaja kwenye rasimu. Tena ukurasa wa kwanza kabisa!" Hakumwambia ameitaja vipi. Lakini marehemu hakuwahi kumsema mtu kwa ubaya, hata Fisi.

Bi Kindi alisimama katikati ya njia. "Yaa Rabi," alisema, "sitasema uongo hata neno moja. Lakini nisaidie niseme kweli kwa mpango wangu."

Ijumaa ikatangazwa hitima ya Mwalimu Kindi. Walialikwa wote. Nungunungu aliombwa aje na rasimu, vile vile ilivyofungwa. Nyati alialikwa akaahidi kuja. Na Fisi, je? Fisi hakungoja mwaliko. Harufu ya pilau ilipotoka tu, alikuwa ameshakaa mkekani, safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi.

Walisoma, wakaomba dua. Masinia yakaletwa, yamefunikwa kwa makawa, yanafuka moshi. Fisi alimeza mate, glup! Akanyoosha mkono kwenye kawa.

"Ngoja kidogo, shemeji," alisema Bi Kindi kutoka mlangoni. "Ndugu zangu, kabla hatujala, ada yetu mnaijua. Mwenye haki yoyote katika vitu alivyoacha marehemu, aseme sasa mbele ya watu, ili mume wangu alale hana la mtu. Kuna rasimu hii aliyonayo kaka Nungunungu. Ni ya nani?"

"Yangu!" Fisi alidakia, macho hayatoki kwenye kawa. "Jarida langu, rasimu yangu. Limekwisha hilo, tunawe mikono."

"Na mwenye kazi ndiye mwenye kujibu yaliyomo. Au sivyo, shemeji?"

"Ndivyo, ndivyo! Nitajibu yote. Maji yako wapi?"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Kindi. Kisha akageuka. "Mjomba Nyati, nilitaka ujue kwamba humo ndani marehemu amekutaja."

Nyati, aliyekuwa amekaa nyuma akipuuza kila kitu, aliinua kichwa. "Mimi?"

"Wewe, mjomba. Kwa jina. Na pua yako."

Loo! Wanangu, kukawa kimya mpaka moshi wa pilau ulisikika. Maana hapakuwa na mnyama asiyejua: Nyati umwambie lolote, lakini pua yake usiitaje. Ilikuwa pana, ilikuwa nyeusi, na ilikuwa inavuja kiangazi na masika. Ngiri aliwahi kuitania harusini. Ngiri huyo mpaka leo akimwona Nyati huingia shimoni kinyumenyume.

"PUA YANGU?" Nyati alisimama. Mkeka ukasimama naye, umenasa kwenye kwato. "Pua yangu imeandikwa? Kwenye kitabu?"

"Ukurasa wa kwanza, mjomba."

"Marehemu sina ugomvi naye, yuko kwa Mola wake. Nauliza hivi: maneno hayo SASA ni ya nani?"

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Fisi. Twiga aligeuka mwisho, kwa sababu shingo yake ilikuwa na safari ndefu.

Fisi aliuondoa mkono kwenye kawa. "Sh... shemeji," alinong'ona, "amesemaje kuhusu hiyo pua?"

"Mimi sijui, shemeji. Rasimu imefungwa, sijaiona ndani. Wewe ndiye uliyeichapa. Kwani hukuisoma?"

"Niliisoma... kwa uzito. Niliipima mkononi."

"HUMF!" alifanya Nyati, na pembe zikashuka kidogo.

"Mjomba! Mjomba ngoja!" Fisi alirukia upande wa pili wa sinia. "Kwenye jarida langu hamna pua! Wallahi hamna! Sisi ukurasa wa kwanza huukata kila mara, kupunguza karatasi. Kama kuna pua, imo kwenye rasimu tu, na rasimu si yangu!"

"Si yako?" aliuliza Bi Kindi.

"Si yangu!"

"Mbona umesema sasa hivi ni yako?"

"Nilikuwa na njaa! Rasimu ni ya marehemu na mjane wake. Haijawahi kuwa yangu, haitakuwa yangu, na mtu akiniletea bure nitaikimbia!"

"Hata ikiwekwa Hazina?"

"Iwekwe! Iwekwe hata juu ya mnazi! Mimi simo!"

"Mkutubi, umesikia?"

Nungunungu alichomoa mwiba mgongoni, chwap! Akaandika pale pale. "Nimesikia, na watu wote wamesikia. Rasimu ni ya Bi Kindi. Dada, unasemaje?"

"Iwe wazi kwa wote. Anayetaka asome, anayetaka anakili, ampelekee jirani yake. Sharti ni moja tu: asimvue marehemu jina lake."

Nungunungu akafungua kamba.

"Soma hiyo pua," aliunguruma Nyati. "Soma kwa sauti."

Nungunungu alikohoa, akasoma kwa sauti: "Shukrani. Kwanza namshukuru Mola. Pili namshukuru mke wangu, aliyefua nguo zangu zenye tope bila kuhesabu. Tatu namshukuru Nyati. Nilimfuata nyuma kimya kimya masika baada ya masika, nikaona kwamba kisima kikiharibika, yeye hunusa akaondoka, na kisima kikiwa salama, hunusa akanywa. Pua yake haikukosea hata mara moja. Bila pua ile, mimi nisingejua lolote. Ni pua yenye heshima kuliko zote za nchi hii."

Nyati alikuwa amesimama, mdomo wazi. Pua ilianza kuvuja kuliko siku zote, na macho nayo yakaisaidia.

"Yenye heshima," alisema polepole. "Kuliko zote." Akajipangusa kwa kona ya mkeka. Kisha kichwa kikageuka kidogo kidogo kuelekea kwenye sinia. "Na ukurasa HUU, Fisi, ndio ulioukata?"

"Nafasi, mjomba! Nafasi ilikuwa finyu!"

Kishindo! Gudugudugudugudu! Fisi alipita dirishani, Nyati akapita ukutani. Vumbi lilipotulia, kanzu iliyopigwa pasi ilikuwa inaning'inia kwenye miiba ya mgunga, na kwa mbali, ng'ambo ya vichaka, ilisikika, "Nafasiii! Nafasiii!"

Na pilau? Fisi hakuionja hata punje.

Lakini Bi Swala hakuwa akitazama hayo. Alikuwa ameshamsogelea Nungunungu, kidole kiko juu ya ukurasa, midomo inacheza. "Kisima cha Mianzi," alisoma, "mvua za kwanza, wasinywe watoto mpaka tope litulie. Kisima cha Mawe, ni salama." Akashika kichwa. "Mianzi! Ndiko tunakoteka sisi sote! Haya, inukeni, kina mama, inukeni!"

Jioni ile ndoo zote zilikwenda Kisima cha Mawe. Mwanawe Bi Swala alikunywa, akalala, na kesho yake aliamka akaomba uji. Wa Pundamilia akafuata. Kuanzia hapo hapakukosekana mnyama pale Hazina: huyu anasoma, yule ananakili, na mwingine hajui kusoma anasomewa. Watafiti wengine nao wakaanza kuleta rasimu zao kwa Nungunungu, na wakaanza pia, jambo lisilokuwa la kawaida kwao, kusoma mikataba kabla ya kuweka kidole gumba.

Bi Kindi alipenda kwenda kukaa kwenye kizingiti cha Hazina baada ya sala ya alasiri, bila kusema na mtu. Ndani, kila aliyemaliza kusoma alilitaja jina lililoandikwa juu, na kila aliyelitaja aliongeza, "Mungu amrehemu." Bi Kindi alikuwa akisema "Amin" kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua litue.

Basi wanangu, funzo ni hili: elimu aliyoiandika mtu kwa ajili ya wote isifungiwe na mtu mmoja, hasa ambaye hata kuisoma hakuisoma.

Ewe Mola, mrehemu Mwalimu Kindi, ulipanue kaburi lake, ulitie nuru, na kila anayenufaika na kazi yake umwandikie yeye fungu. Na wetu waliotutangulia, waliotuacha na vikombe vyao mezani, uwarehemu na wao, utukutanishe nao kwa wema. Amin.