Kibanda cha Matanga cha Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji na kamati kama sisi, Digidigi alikuwa na mama mzee asiyeona. Mama huyo aliishi peke yake ng'ambo ya bonde, kwenye kijumba kinachovuja, na masika yalikuwa yamekaribia. Nyumba ya Digidigi ilijaa watoto, kwa hiyo akataka kumjengea mama chumba uani.

Akaenda kwa Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Kibali hupati!" Kiboko akanguruma. "Sheria inasema banda la uani liache nafasi ya kiboko kujigeuza, kila upande."

"Lakini Mheshimiwa, uani kwangu hata kichwa chako hakienei!"

"Basi usijenge. Ukijenga, Nyati atabomoa."

Digidigi akajenga hivyo hivyo. Nyati mkaguzi akaja, puu! pwaa! Kuta zikalala chini. Inauma, jamani, kuvunjiwa na mtu usiyeweza hata kumsukuma.

Digidigi akawaza. Mjini mle palikuwa na mila ambayo hata Kiboko hakuthubutu kuigusa: kibanda cha matanga hakiombewi kibali, wala hakivunjwi mpaka mfiwa mwenyewe aanue matanga.

"Mama," akasema, "itabidi ufe kidogo."

"Loo! Nife vipi, mwanangu?"

"Kwa maneno tu. Utakaa mkavu, karibu nami. Ila usitoke, wala usimwitikie mtu."

"Mvua naiogopa," mama akasema. "Haya."

"Uwiii! Mama amefariki huko ng'ambo, nimeshamzika!" Digidigi akalia njiani. Mji mzima ukafurika kwake. Kiboko alilia mpaka makamasi yakamtoka. Nyati ndiye aliyebeba nguzo za kibanda kwa pembe zake! Wageni walipoondoka, mama akaingizwa kimyakimya.

Masika yakaanza, mama hakulowa. Kila Nyati alipouliza, "Bado tu?" Digidigi alijibu, "Uchungu haujaisha, mkubwa wangu," kisha akaingia ndani kucheka.

Mama hakucheka. Aliwasikia mashoga zake wakipita nje ya uzio, "Maskini, alikuwa mtu mwema," naye akauma midomo asiwaitikie. Akaacha kula. Kabla masika hayajaisha, akafa.

Digidigi akakimbia kwa Kiboko. "Mheshimiwa, mama amekufa! Njooni tumzike!"

"Pole. Lakini tulishamlilia."

"Ile ilikuwa hila! Safari hii kweli!"

"Hila?" Macho yakamtoka Kiboko. "Machozi yangu yote yale, hila? Na leo unataka chumba kingine, siyo? Nenda zako!"

Hakuna aliyekuja. Digidigi alichimba kaburi kwa kwato zake ndogo, akamshusha mama yake peke yake, akilia kilio ambacho mji mzima ulikisikia na kudhani ni mchezo.

Basi wanangu, shikeni hili moja: ujanja unaweza kukupatia chumba, lakini usichezee machozi ya watu, maana ipo siku utayahitaji.