Maji Yaliyoitwa kwa Jina la Namkunda

Ngano inabisha hodi.

— Ipite ndani.

Imetembea tangu milimani, miguu ina tope.

— Ikae nasi, moto unawaka.

Haya, sogezeni vigoda. Na wewe uliyeketi upande wa moshi usilalamike, ulichelewa mwenyewe.

Hapo kale, kale ya kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji mlimani, mvua yake chache na mawe yake mengi. Watu wa huko waliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, limezungushiwa tuta la udongo. Maji ya kijito yaliingia humo yakajikusanya, na asubuhi yalifunguliwa yakashuka kwa mfereji mpaka shamba la mtu mmoja. Kesho shamba la mwingine. Kesho kutwa la mwingine tena.

Mgawaji wa zamu aliitwa mwita maji. Wakati huo alikuwa Mzee Senkondo, mtu mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Kila asubuhi alisimama juu ya tuta akaita, "Maji yako, fulani." Na fulani akajibu, "Maji yangu, nimeyasikia." Ukishajibu hivyo, hakuna wa kukunyang'anya. Usipoitwa, mahindi yako yatabaki kutazama mawingu.

Sasa sikilizeni. Wanawake walichimba udongo wa lile tuta. Wanawake waliubeba kwa vikapu. Wanawake waliukanyaga kwa visigino mpaka ukashikana. Lakini majina yaliyoitwa pale juu yalikuwa ya wanaume peke yao.

Katika kijiji hicho aliishi Namkunda na mumewe Mbonea na binti yao Nakijwa. Shamba lao lilikuwa dogo, la mahindi na maharage, na Namkunda ndiye aliyelitoa mawe, jiwe moja moja, mgongo ukiuma. Mbonea akaugua. Akaugua siku tatu, siku ya nne akafa.

Matanga yakaisha. Zamu ya shamba lao ikafika, Namkunda akaenda na jembe lake akangoja mferejini. Mzee Senkondo akaita, "Maji yako, Kiangi."

Kiangi alikuwa mdogo wake marehemu. Akajibu, "Maji yangu, nimeyasikia." Maji yakapita mbele ya miguu ya Namkunda yakaenda zake.

Namkunda akaenda barazani, kwenye mawe makubwa kando ya ndiva, walipoketi wazee.

"Wazee wangu, shikamooni. Zamu ya Mbonea imekwenda kwa mtu mwingine, na mahindi yangu yamefika magotini."

Mzee Senkondo akasema, "Mke wa Mbonea, hapa mwanamke husemewa. Nani anakusemea?"

"Aliyekuwa akinisemea nimemzika."

"Basi olewa na Kiangi. Yeye atakusemea, na maji yatakuja."

Kiangi alikuwa ameketi pale pale, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuhesabu mavuno. Namkunda akamtazama, akasema, "Shemeji, sina ugomvi nawe. Lakini sikutaki." Akaondoka.

Baada ya siku saba akarudi. "Wazee wangu, nimewasikia. Basi maji yaitwe kwa jina la binti yangu. Nakijwa ni damu ya Mbonea."

"Binti naye ni mwanamke," wakasema. "Nani anamsemea?"

Namkunda akaondoka tena, na safari hii hakuenda nyumbani. Alishuka kwenye mfereji wake mkavu akaketi, akalia, akalia, machozi yakadondoka kwenye vumbi. Palipodondoka machozi, mawe yakatikisika, akatoka kaa. Si kaa wa pwani, ni kaa mdogo wa mtoni, mgongo wake umepauka kwa ukame.

"Mama, nirudishe majini," kaa akasema. "Mfereji ulipokauka nilibaki huku."

Namkunda hakushangaa sana, maana mtu mwenye taabu haulizi ni nani anayezungumza naye. Akambeba kwa kanga yake mpaka ndiva, akamtia majini. Kaa akazama, akaibuka.

"Mama, nyumba yangu imo ndani ya tuta hili, nami nimelizunguka kote. Juu ni zima. Tumboni limeoza. Upande wa mashariki mizizi inayolishika imekufa, maji yanapita yakinong'ona. Halitamaliza mwezi."

Namkunda akasahau kulia. Lile tuta likivunjika, si shamba lake tu; kijiji kizima kitakula mizizi ya porini. Akainuka, akaenda barazani mara ya tatu.

"Wazee wangu, sikuja kwa ajili ya zamu. Tuta la ndiva limeoza upande wa mashariki. Nimeambiwa na kaa anayeishi humo."

Wazee wakatazamana. Kiangi akauliza, "Kaa dume au kaa jike?"

"Sikumwuliza."

"Ungemwuliza. Kama ni jike, naye anahitaji wa kumsemea."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Namkunda akajiambia: wanaolijua lile tuta ni waliolikanyaga. Niende kwao.

Akaenda kwa Bibi Nakiete, kikongwe aliyebeba udongo tangu akiwa msichana. Akamkuta akipura maharage.

"Bibi, maji huja shambani kwako kwa jina la nani?"

"Kwa jina la mwanangu. Babake alikufa mtoto angali ananyonya. Mzee mwita maji wa wakati ule akaliita jina la mtoto, nami nikajibu, mtoto nimembeba mgongoni amelala." Bibi Nakiete akaacha kupura. "Miaka hiyo yote sikuwahi kuliona hilo kuwa ni ajabu. Mbona leo naliona?"

"Njoo kesho machimboni kwetu, pale tunapochimba udongo wa tuta, bibi."

"Nitakuja."

Akaenda kwa bibi harusi aliyeolewa mwaka ule ule, akamkuta akisaga.

"Mdogo wangu, maji huja shambani kwako kwa jina la nani?"

"Kwa jina la mume wangu."

"Na kabla hujaolewa?"

"Kwa jina la baba."

"Na jina lako je?"

Yule binti akafikiri. "Jina langu mama huliita nikiunguza chakula." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakuja, dada."

Mwisho akaenda kwa Nambike, mke wa Mzee Senkondo mwenyewe, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na ndiva. Hakuna mwanamke aliyejua kuchanganya udongo kama yeye.

"Dada, maji huja shambani kwako kwa jina la nani?"

Nambike akasema, "Usiniulize hilo. Nimesikia unavyowauliza wenzangu. Mume wangu ndiye mwita maji. Nikija machimboni, usiku huo nitalala na neno lake masikioni. Nenda, Namkunda. Sikukuona."

Namkunda akaenda. Mguu ulikuwa mzito, maana bila Nambike alijiona kama aliyejenga nyumba akakosa mlango.

Kesho yake walikutana machimboni wanawake kumi na mmoja, Namkunda akawaeleza aliyoambiwa na kaa. Mmoja akasema, "Tugome. Tusibebe udongo, tuta livunjike, watatuita wenyewe."

Wengi wakaitikia. Neno hilo lilimpitia Namkunda naye moyoni, na lilikuwa tamu. Kisha akasema, "Likivunjika, Kiangi atalala njaa, kweli. Na mwanao je? Mimi sitaki niitiwe maji yakiwa yamekwisha. Tuchimbe udongo sasa, tuuweke tayari. Halafu twende barazani sote, kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Wakimfukuza wa kwanza, wa pili aseme. Wakimfukuza wa pili, wa tatu aseme. Waache wachoke wao."

Wakachimba siku moja, siku mbili, siku tatu. Na siku ya tatu jioni wakamwona Nambike anashuka njiani na kikapu kikubwa kuliko vyote. Hakusema aliyoyasikia nyumbani kwake. Alitia mkono katika udongo wao, akausugua kwa vidole, akasema, "Huu umekosa majani makavu. Utapasuka. Nani kawafundisha?"

Asubuhi ya nne, kabla jua halijapanda, walikuwa njiani kwenda barazani, vikapu vichwani. Walipokaribia ndiva wakasikia mlio kama ng'ombe anayekoroma. Upande wa mashariki tuta lilikuwa limefunguka tundu la kupitisha mbuzi, na maji yanatoka kwa nguvu.

Hakuna aliyeuliza afanye nini. Nambike alirukia tunduni akaliziba kwa mgongo. Namkunda akasimama ubavuni mwake, wengine wakafuata, bega kwa bega, maji baridi yakiwapiga viunoni. Waliobaki nyuma wakamwaga udongo, Nakijwa akakata migomba akaiburura mpaka pale. Wakajaza, wakakanyaga, wakajaza, wakakanyaga. Maji yakasukuma. Namkunda akahisi tuta linatetemeka mgongoni mwake kama mnyama, akafumba macho, akasema moyoni: lisiende, lisiende, lisiende.

Hapo ndipo wanaume walipofika kusikiliza zamu. Wakasimama juu wakashangaa. Mzee Senkondo, kwa mazoea tu, maana mtu akiduwaa hushika alichokizoea, akafungua kinywa akaita, "Maji yako, Kiangi."

Kiangi akajibu kutoka juu, "Maji yangu, nimeyasikia."

Nambike akainua uso uliojaa tope. "Kama ni yako, shuka uyashike. Sisi tunataka kupumua."

Kiangi akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua viatu, akashuka. Akaweka bega. Maji yakampita katikati ya miguu.

"Shemeji," Namkunda akamwambia, na hakumwambia kwa ubaya, "kanyaga kwa kisigino. Usisukume kwa bega. Kisigino, hivi."

Kiangi akakanyaga. Wanaume wengine wakashuka, mmoja mmoja, na kila aliyeshuka alielekezwa na mwanamke pa kusimama. Bibi Nakiete aliketi juu ya jiwe la baraza, jiwe ambalo mwanamke hakuwahi kuliketia, akaelekeza kwa fimbo, kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kuingia majini. Hakuna aliyepata nafasi ya kumkataza.

Jua lilipofika kati, tundu lilikuwa limefungwa. Tuta likatulia. Nusu ya maji yalikuwa bado yamo.

Watu wakaketi chini wakihema. Mzee Senkondo alisimama peke yake juu, mikono imelegea. Akasema, "Naita maji miaka thelathini. Leo sijui nimwite nani."

Kiangi akasema, "Ulikwisha kuniita mimi," lakini alilisema taratibu, akitazama tope.

"Waite waliokuwepo ulipofika," Nambike akasema.

Mzee Senkondo akawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainama kwa mkewe, akauliza kwa sauti ambayo hakuwa ameizoea, sauti ndogo, "Mke wa Mbonea anaitwa nani?"

"Anaitwa Namkunda. Alikueleza habari ya tuta hili, nanyi mkacheka."

Mzee akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaita ng'ambo ya bonde, "Maji yako, Namkunda."

Hakuna aliyejibu.

"Maji yako, Namkunda."

Namkunda alikuwa ameketi akikamua kanga yake. Jina alilisikia, lakini pale ndiva halikuwahi kuwa lake. Alidhani anatajwa tu katika mazungumzo.

"Maji yako, Namkunda."

Nakijwa akamgusa. "Mama, unaitwa."

Namkunda akainuka. Akasema, "Maji yangu," sauti ikakatika. Akaanza upya. "Maji yangu. Nimeyasikia."

Wakayafungua. Yeye akatangulia shambani, akaketi kwenye kichwa cha mfereji, akangoja. Kwanza yakaja majani makavu yanaelea. Kisha povu. Kisha maji yenyewe, ya hudhurungi, polepole, yakapanda vidole vyake, yakageuka kuingia kwenye mistari ya mahindi. Akayatazama yanavyonywewa na udongo, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alidhani atalia. Badala yake usingizi ukamchukua hapo hapo, mchana kweupe, kinywa wazi, mguu mmoja majini. Nakijwa akashika jembe akayaelekeza maji, akamwacha mama yake alale.

Msidhani yote yalikwisha siku ile. Wazee walikaa barazani siku nyingi, wanawake wakaja na kusema, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama walivyopatana. Kiangi alinuna msimu mzima. Ila tangu hapo, aliyelima ndiye aliyeitwa, akiwa mume, akiwa mjane, akiwa binti, na kwenye mawe ya baraza kila mwenye shamba alijisemea.

Ngano yangu inafundisha hivi: aliyeshika kazi apewe na neno. Na ukinyimwa neno, usilitafute peke yako. Gonga mlango wa mwenzako, na akikukatalia leo, mwachie njia ya kuja kesho.

Wanasema Mzee Senkondo alitaabika sana kujifunza majina yale yote mapya. Asubuhi moja, kwa haraka, alimwita mkewe kwa jina la mbuzi wao. Alilala wapi siku hiyo, mimi sijui. Mbuzi ndiye anayejua.

Mimi nimeitua ngano chini.

— Nasi tumeipokea.

Atakayeiokota aibebe.