Mume wa Siku Tatu

Sogeeni niwape uongo wangu. Ukweli mtauokota wenyewe.

Faki, mvuvi wa papa, alimnasa papa mchawi. Papa akasema, "Tubadilishane miili siku tatu." Papo hapo Faki akawa papa, na papa akaenda kukaa kwa Bi Mize, mkewe Faki.

Siku ya kwanza Faki alikwepa ndoana. Ya pili akaikwepa. Ya tatu ikamnasa, akalia mpaka papa akaja kumchomoa na kumrudishia mwili wake.

Faki akamsimulia mkewe yote, kisha akaanza tena kunoa ndoana. Bi Mize akamnyang'anya.

"Yule alichota maji, akakuna nazi, wala hakukoroma. Kuanzia leo kazi yako ni kumlinda."

Basi Faki akawa mlinzi wa papa. Na kila akikoroma, Bi Mize huufungua mlango unaotazama bahari.