Mwamuzi na Kisima cha Miiba

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni kwa sauti ndogo, hadithi hii haitaki makelele. Paukwa!

Pakawa.

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu zetu waliisikia tu, palikuwa na nchi ya vijiji saba. Mwamuzi wake mkuu alikuwa mwanamke, Nyanzobe. Alianza na ugomvi wa mipaka ya mashamba katika kijiji kimoja. Akaamua miaka kumi. Vijiji vitatu vikamwita, akaamua kumi mingine. Mwishowe waamuzi wote wa nchi wakawa chini yake, naye akawawekea sharti moja. Mwamuzi asihukumu kabla hajarudia maneno ya kila upande, na mwenye maneno akakiri, "Ndivyo." Akisema "Sivyo," asikilizwe upya.

Watu walilipenda sharti hilo. Hata aliyeshindwa alirudi kwake akijua amesikilizwa.

Kikaja kiangazi kibaya. Mtemi Mihambo, mtawala wa nchi, akakitaka kisima cha kijiji kimoja, kisima pekee kilichobaki na maji. Wanakijiji wakapeleka shauri kwa Nyanzobe. Kwa desturi, kinachogombaniwa hufungwa mpaka hukumu itoke. Kisima kikazungushiwa miiba.

Siku ya kwanza Mtemi alikuja na watu wa mikuki. Ti, ti, ti, mikuki ikagonga ardhi. Akadai babu yake ndiye aliyekichimba. Kabula mfinyanzi, msemaji wa kijiji, akajibu kwamba babu huyo hakushika jembe maisha yake yote, labda alichimba kwa kucha. Watu wakacheka. Kisha wakaitazama mikuki.

Nyanzobe akarudia maneno ya Kabula. Kabula akakiri. Akarudia ya Mtemi, neno kwa neno.

"Sivyo," akasema Mtemi. Shauri likaahirishwa hadi kesho yake.

Siku ya pili akadai babu yake alikikuta kisima, akakijengea mawe. Nyanzobe akarudia.

"Sivyo."

Mbuzi wakaanza kuanguka kwa kiu. Hapo ndipo watu walipoelewa. Mtemi hakuja kushinda shauri. Alikuja kulizuia lisiishe, mpaka kiu iwahamishe wote. Na njia ya kulizuia aliipata katika sharti la Nyanzobe mwenyewe.

Asubuhi ya tatu mume wa Nyanzobe alimmiminia mkewe maji ya mwisho ya kibuyu. Akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Shija, leo sema unaumwa."

"Nikisema naumwa, wanakijiji watakunywa nini?"

"Basi lifute hilo sharti."

"Nikilifuta leo kwa ajili ya Mtemi, kesho nitalifuta kwa ajili ya nani?"

Mumewe akamfuata nyuma hadi kwenye shauri, akihesabu mikuki. Siku ya kwanza ilikuwa kumi na miwili. Sasa ilikuwa arobaini.

Mtemi akadai kwamba wanakijiji wenyewe walimpa kisima, shukrani kwa mvua aliyowaombea. Nyanzobe akarudia.

"Sivyo." Ti, ti, ti.

Nyanzobe hakuahirisha. "Mtemi wangu, juzi ulisema babu yako alikichimba. Ndivyo?"

"Sivyo."

"Jana ulisema alikikuta. Ndivyo?"

Mtemi akakawia. Angekubali, hukumu ingetoka. "Sivyo."

"Na leo, kwamba ulipewa?"

"Nimekwisha kusema. Sivyo."

"Basi umeyakana madai yako yote kwa kinywa chako. Hukubakiza la kuamuliwa. Kisima ni cha kijiji."

Hakuna aliyeshangilia. Mtemi akainuka, akaenda zake. Lakini watu wa mikuki walibaki, wamekizunguka kisima. Hukumu imetoka, na miiba iko palepale.

Nyanzobe akachukua mtungi wa Kabula, akatembea. Mumewe akanyoosha mkono amzuie, mkono ukaishia hewani. Nyanzobe akaondoa tawi la kwanza. La pili. La tatu. Vidole vikatoka damu. Mwenye mkuki aliye karibu akamtazama, akatazama njia aliyoondokea Mtemi. Kisha akausogeza mguu, akalisukuma tawi la nne pembeni.

Gu, gu, gu, mtungi ukajaa. Nyanzobe akanywa. Akaketi ukingoni, ili wote waone litakalompata aliyekunywa. Wakangoja. Halikumpata neno. Ndipo Kabula akaja, na kijiji kizima nyuma yake.

Wasikilizaji wangu, hukumu ya haki hutolewa na mwamuzi, lakini haifiki kwa watu mpaka mtu mmoja atangulie kuifuata. Hadithi yangu naiacha pale kisimani, Nyanzobe akiwa bado ameketi.