Kindi na Tetesi za Kamera ya Kidirisha

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya mababu wa mababu, maana kamera zilikwisha kuwapo, palikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Kichakachema. Sogeeni, wanangu. Na wewe uliyesimama mlangoni, amua moja, ndani au nje, kuku wanaingia.

Mji ule ulikuwa na mtaa mzima wa wapiga picha, kila mmoja na kibanda chake. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kiboko, mwenyekiti wa chama. Makamu wake alikuwa Bwana Nyati. Hao wawili wakishasimama mbele harusini, basi tena! Humwoni bibi harusi, humwoni bwana harusi, huoni hata paa la nyumba.

Na nyuma yao, siku zote, alisimama Kindi. Kadogo, kepesi, mkia juu, na kamera ya marehemu bibi yake shingoni, imefungwa mpira wa baiskeli tumboni ili isifunguke.

Kamera za mji ule zote zilikuwa za kidirisha. Hamzijui, najua, nyinyi mmezaliwa mmeshika simu. Kamera ya kidirisha ina tundu dogo la kuchungulia. Ukichungulia, mtu wako unamwona wawili, yeye na kivuli chake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu, kivuli kinamsogelea mwenyewe, kinamsogelea, mpaka wawili wanakuwa mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Tik! Kwisha. Haina kishindo, na ndiyo maana waliipenda, kwa kuwa maharusi wengi wa pale walikuwa akina paa na akina digidigi. Hao ukiwapigia kelele, harusi nzima inaingia porini na pilau linabaki.

Tabu yake ilikuwa moja tu: filamu. Filamu ilitoka mbali, ilikuja kwa nadra, mkanda mmoja picha thelathini na sita, kisha uzisafishe siku mbili ndipo ujue ulichopiga. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na ndoto moja. Laiti ingetoka kamera ya kidirisha ileile, ya kimya ileile, lakini ya dijitali! Upige, utazame papo hapo, upige tena!

Sasa sikilizeni shida ya Kindi. Chama kilikuwa na kanuni: kila mwaka kila mwanachama atundike ukutani picha moja ya bibi harusi, uso wazi. Asiyetundika ananyang'anywa kibanda. Mwaka ulikuwa unafungwa Jumatatu. Na Kindi alikuwa na nini? Picha thelathini na tano za migongo! Mgongo wa Kiboko harusini kwa akina Swala, mgongo wa Nyati harusini kwa akina Ngiri, migongo yote miwili pamoja kwa akina Kanga. Kwenye mkanda wake ilibaki picha moja tu.

Na harusi ilibaki moja tu: Jumamosi saa saba, binti yake Mama Digidigi anaolewa.

Kindi akamwendea mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nani huyo? Sikuoni."

"Niko hapa chini, mzee. Naomba Jumamosi nisimame mbele. Mara moja tu, kisha nitarudi nyuma."

"Mbele? Wewe? Kho! Kho! Kho! Nyati, njoo usikie! Na hicho kilichoko shingoni ni nini?"

"Kamera, mzee."

"Hilo si kamera, ni kopo la dagaa! Nenda nyuma, mwanangu. Na Jumatatu usichelewe kuhamisha vitu vyako, kibanda chako nataka kukifanya stoo."

Kindi alilia. Msicheke, alilia kweli, mkia chini, kamasi hadi kidevuni. Kibanda kile alilelewa ndani yake, amelala juu ya masanduku ya bibi yake tangu hajaota meno. Lakini alipokuwa anajifuta machozi akawasikia Kiboko na Nyati wanakunywa chai na kuongea. Wanaongea nini? Kamera ya dijitali. Jana waliongea nini? Kamera ya dijitali. Juzi je? Hiyohiyo!

Kindi akaacha kulia. Kichwa kikaanza kufanya kazi.

Jumatano asubuhi akaenda kwa Kasuku, aliyekaa juu ya bati la kinyozi. Kasuku yule, afadhali umnyonyoe manyoya yote kuliko aseme neno "sijui".

"Kasuku! Eti ni kweli, ile kamera ya kidirisha ya dijitali?"

"Kweli!" akasema Kasuku, wala hakujua lolote. "Kweli tupu!"

"Na itakuja?"

"Inakuja! Iko njiani!"

"Isije ikawa iko kwenye msafara wa Ngamia, ule unaopita njia panda Jumamosi asubuhi?"

"Huohuo! Nani kakwambia?"

"Mimi sijaambiwa. Nauliza tu," akasema Kindi, akaenda zake.

Weee! Purrr! Kasuku huyo, bati hili, bati lile. "Inakuja! Inakuja Jumamosi! Kwa Ngamia!" Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mji na kurudi, na iliporudi imenenepa. Nyati, ambaye macho yake hayaoni hata pembe zake mwenyewe, aliapa amesikia kidirisha cha kamera hiyo ni kipana kama mfuniko wa sufuria. Kiboko, ambaye vidole vyake kila mara hubonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, akasema watu wa kuaminika wamemhakikishia kitufe ni kimoja, kikubwa kama andazi. Alhamisi mama mmoja sokoni akasema picha zinajisafisha zenyewe. Jioni yake zikawa zinajitia na fremu!

"Nani ameiona?" akauliza Kindi.

"Mtu!" wakasema wote.

Nawaambieni ukweli, wanangu, hata Kindi mwenyewe moyo ulianza kumdunda. Alijua habari imetoka wapi, lakini ilivyokuwa tamu! Usiku hakulala vizuri, alikuwa akiwaza andazi lile na kidole chake kidogo juu yake.

Ijumaa Kiboko akaita mkutano. Chumba kikajaa, kila mtu na kamera yake shingoni, kila mtu anaongea.

"Kimya!" akanguruma Kiboko. "Waungwana, lisemwalo lipo, na kama halipo laja! Kesho asubuhi sote njia panda. Ngamia akifika saa nne, saa saba tuko kwa Mama Digidigi na kamera mpya. Harusi ya kwanza ya dijitali mjini!"

Makofi! Pa! Pa! Pa! Kindi akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza, mzee. Zikija chache, ataanza kupewa nani? Mwenye kamera, au asiyenayo?"

Nyati akajikuna pembe.

"Asiyenayo, bila shaka," akasema. "Sahani hupewa mwenye njaa, hapewi aliyeshiba."

"Ala!" Kiboko akaruka, sakafu ikatikisika. "Basi kesho asionekane mtu na kamera shingoni! Ngamia atatuona tumeshiba! Leteni zote hapa, zitiwe kashani, lifungwe!"

Wakazileta, mbio mbio, wanakanyagana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza lingine. Kindi naye akapanga foleni, akafika mbele ya kasha, akavua ya kwake.

"Na hii yangu, mzee?"

"Kopo hilo? Litoe hapa! Usituchafulie kasha!"

"Haya, mzee. Nimesikia."

Kiboko akafunga kasha, kacha! Ufunguo akautia mdomoni, chini ya ulimi, mahali ambapo hakuna mwizi anayethubutu.

Jumamosi kulipopambazuka njia panda ilikuwa imefurika. Mbele Kiboko, nyuma yake Nyati, kisha wengine kwa ukubwa wa miili. Kindi walimsukuma mpaka mkiani.

"Wewe mwisho! Mwisho kabisa!"

"Asanteni, jamani. Mwisho ndiyo nafasi yangu."

Saa nne, Ngamia hakuna. Saa tano, hakuna. Saa sita jua likawa utosini na bado wanachekelea. "Nitaanza kumpiga picha mke wangu!" "Mimi pua yangu, sijawahi kuiona vizuri!" Kule mbali ngoma ya harusi ikaanza kulia, ndi! ndi! ndi!

Kindi hakuondoka. Ndiyo, hakuondoka! Miguu ilikuwa mizito. Na kama kweli inakuja? Mji mzima unasema. Ikija, nisiwepo? Akatazama barabara, vumbi tupu. Akatazama kamera ya bibi yake, na mpira wake wa baiskeli. Ngoma ikazidi, ndi! ndi! ndi!

"We Kindi!" akajikaripia. "Mtu gani anameza chambo chake mwenyewe?"

Pururu! Akageuka, akatimka. Nani alimwona? Hakuna. Wakubwa wale hawakuwahi kutazama nyuma maisha yao yote.

Akafika kwa akina Digidigi anahema. Na mbele, wanangu, mbele palikuwa peupe! Hakuna mgongo hata mmoja. Mama Digidigi anazunguka uwanjani, kitenge kinamponyoka.

"Mzee Kiboko yuko wapi? Bwana Nyati? Jamani, mwanangu anatoka bila picha!"

"Nipo mimi, mama."

"Wewe peke yako? Na kikopo hicho?"

"Mimi na kikopo hiki. Na nimebakiwa na picha moja."

"Moja!" Mama Digidigi akashika kichwa. "Mwanangu mwenyewe anafunuliwa mara moja!"

"Basi tumelingana, mama. Mtoe."

Sasa mjue desturi ya akina digidigi. Bibi harusi wao ana haya kupita kiasi. Hutolewa mlangoni amefunikwa ushungi, shangazi yake anapiga kigelegele kimoja, na ushungi unafunuliwa kwa muda wa kigelegele hicho tu. Pumzi ya shangazi ikikata, ushungi unashuka, bibi harusi anarudi ndani, na uso ule hautaonwa tena na watu mpaka siku saba ziishe.

Kindi akapiga goti. Akachungulia.

"Lililililililiii!"

Ushungi ukafunuka. Lo, uzuri gani! Lakini kwenye kidirisha walikuwa mabibi harusi wawili, mmoja huku, mmoja kule. Kindi akazungusha pete. Ikagoma! Vumbi la njia panda limeingia.

"Lililililiii!"

"Zunguka, nakuomba," Kindi ananong'ona. Jasho linamtoka mpaka kwenye kucha. Pete ikalia kriii, ikasogea unywele mmoja. Kivuli kikamsogelea mwenyewe. Bado.

"Lilililiii..." Shangazi macho yamemtoka, shingo imejaa mishipa, uso unageuka zambarau. Mama Digidigi kaziba mdomo kwa kitenge.

Kriii. Bado kidogo. Bado nukta.

"Liliii..."

Bibi harusi akamwona kale kadude kadogo kamepiga goti, ulimi nje, kanahangaika na pete. Akatabasamu. Na papo hapo wawili wakawa mmoja.

Tik!

Ushungi ukashuka. Shangazi akaanguka kitini. Kindi akaanguka chini na kamera kifuani, anacheka na kulia kwa pamoja.

Na kule njia panda? Kindi alisimuliwa baadaye. Vumbi likatimka, Ngamia huyo anakuja! Kiboko akapanua domo lote, "Imefikaaa!" na ufunguo ukateremka, gulp! Ngamia akasimama.

"Kamera? Kamera gani? Mimi nimebeba vitunguu."

Wakakimbilia kwenye kasha. Wakalivuta, wakalipiga pembe, wakalikalia. Wapi! Walipofika harusini, wapishi walikuwa wanaosha masufuria.

Jumatatu chama kikakutana. Ukutani ikatundikwa picha ya bibi harusi wa kidigidigi, uso wazi, tabasamu lile lile. Mama Digidigi alikuja kuitazama, akasimama mbele yake, akamkumbatia Kindi akamwinua hewani. Habari ya kibanda ikafa palepale.

Lakini Kiboko alikuwa amevimba.

"Kindi! Wewe ndiye uliyeleta uongo huu!"

"Mimi, mzee? Mimi niliuliza. Nani alijibu?"

Wakamtazama Kasuku, aliyetua dirishani. Kasuku akamtazama Nyati. Nyati akakumbuka mfuniko wa sufuria, akatazama kwato zake. Kiboko akafungua domo, akakumbuka andazi, akalifunga. Mtu aliyeapa kuwa picha zinajitia fremu zenyewe alijificha nyuma ya Ngiri. Aibu iliyokuwamo chumbani humo, hata feni ilisita.

Kisha Kiboko akakohoa. Akainama mpaka sikio la Kindi, na sauti yake ikawa ndogo, ya kubembeleza.

"Lakini, mwanangu... nikuulize tu... kwani haiji kabisa?"

Chumba kizima kikasogea mbele kusikia.

Kindi akawatazama wote, akashindwa kuwacheka.

"Sijui, mzee," akasema. "Hata mimi naisubiri."

Hadithi yangu nimeitua mzigo wake, anayeutaka aubebe: kipya kingoje kwa moyo wote, lakini mkononi usikiache ulicho nacho.