Mapazia ya Watu

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, lakini ukiuona begani mwa mpita njia ujue una mwenyewe, naye hajakuahidi kitu. Ndiyo maana wahenga walituonya tusitupe kikuukuu chetu kwa kukitamani kizuri kinachopita. Wengi wetu tunaikariri methali hiyo shuleni na kuisahau tukishatoka getini. Binti mmoja aliyeitwa Kidole hakuisahau tu, aliikanyaga kwa miguu yote miwili, na yaliyomfika hadi leo wanaosimuliwa hushika vichwa.

Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la kompyuta, kwa kuwa aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni. Hata hivyo, alikuwa na ari. Mwalimu wao hakupenda njia za mkato. Alisema ukurasa wa kwanza wa wavuti lazima mtu auandike mwenyewe kwa HTML, lugha ya alama za kompyuta ziitwazo tagi, tagi baada ya tagi, mpaka aelewe kila kitu kimetoka wapi. Siku kichwa cha kwanza kilipojitokeza kwenye skrini, kikubwa na cheusi, Kidole aliruka kutoka kitini. Alama zile kavu zilikuwa zimegeuka maneno ambayo dunia nzima ingeweza kuyasoma!

Aliamua ukurasa huo uwe wa mama yake, fundi wa mapazia. Tangu maduka yajae mapazia yaliyoshonwa tayari, cherehani ya mama ilikuwa ikitia viraka na kubadilisha zipu tu. Sasa lilichomoza tumaini moja. Meneja wa nyumba mpya ya wageni alikuwa akitafuta fundi wa kumshonea mapazia ya vyumba vyote, na aliahidi kupita kwenye chumba cha ushonaji cha mama aone kazi zilizotangulia. Mama hakuficha hali ilivyo. Asipoipata kazi hiyo, cherehani angeiuza.

Kidole akayapiga picha kwa simu mapazia ya mama yaliyokuwa dirishani na ukutani. Picha zilitoka na giza kidogo, na katika moja ndala ya mama ilichungulia chini ya pindo. Alipouonyeshwa ukurasa, mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Jamani, hata ndala yangu imo! Haya mwanangu, mimi naijua cherehani, hayo mengine nakuachia wewe."

Lakini roho ya Kidole haikutulia. Katika kupekuapekua mtandaoni, aliangukia tovuti ya duka la mapazia la mji mwingine. Salaale! Mapazia yalimeremeta, yakamwagika kutoka darini hadi sakafuni, na marinda yake yalilingana kama meno ya kitana. Akazitazama tena picha zake, akazionea haya. Basi akaziondoa zote, akanakili anwani za picha za wenyewe na kuzibandika ndani ya tagi zake. Maneno aliyokuwa ameyaandika chini ya kila picha hakuyagusa: "Haya yametoka mikononi mwa mama yangu."

Mwalimu, akipita nyuma yake, akasimama.

"Binti, tagi ya picha haibebi picha. Inaelekeza tu pa kwenda kuichukua. Ukiielekeza kwa watu, atakayefungua ukurasa wako ataletewa chochote alichoweka mwenye mali. Isitoshe, hizo si zako."

"Ni za kumvutia mteja tu, mwalimu. Akishakubali, narudisha zetu."

"Mwenye mali hajalala."

"Sawa, mwalimu," Kidole alijibu, ile sawa ya kumaliza maneno.

Siku ya miadi, asubuhi, aliukagua ukurasa wake na kuukuta uking'aa. Akatembea kwa madaha hadi kwa mama, ambaye alikuwa amefagia, amepiga pasi kanga yake na kupanga majora ya vitambaa. Meneja alifika, mwanamke mchangamfu mwenye sauti nzito. Akaketi, akatoa simu yake.

"Mama yako aliniambia una ukurasa wa kazi zake. Nitajie anwani, mwanangu, niufungue mwenyewe."

Kidole akamtajia. Meneja akasoma kwa sauti, "Kazi za mikono ya mama yangu," akatabasamu. Akateremsha ukurasa kwa kidole. Tabasamu likayeyuka.

"Hii nini?" aliuliza, akawageuzia simu.

Kidole alitazama. Mapazia hayakuwapo. Kila palipokuwa na picha palikuwa na kibandiko chekundu chenye maandishi makubwa meupe: PICHA HII IMEIBWA. Na chini ya kila kibandiko, kwa herufi alizozitafuta moja moja mwenyewe, yalisomeka maneno yake: "Haya yametoka mikononi mwa mama yangu."

Mwenye duka alikuwa amegundua kwamba picha zake zinavutwa, akazibadilisha huko huko kwake, na ukurasa wa Kidole, kwa utiifu, ukaleta ulichoelekezwa kuleta.

"Imeibwa?" Mama alipigwa na butwaa, macho yamemtoka pima. "Nani kaiba? Mimi? Mbona ilikuwa ni picha ya hapa hapa, ndala yangu ilikuwemo!"

Ndipo Kidole akaungama. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akainuka. Alipofika mlangoni akasita, akalishika pazia la dirishani, akalipindua na kuukagua mshono wa pindo.

"Na hili?"

"La kwangu, dada," mama alijibu haraka. "Nimelishona hapa hapa."

Meneja akaliachia taratibu. Ungeona alivyolitamani!

"Zuri sana. Ningeliona hili kwenye ukurasa, tungekuwa tumeshamaliza. Sasa nitajuaje kama nalo ni lako?"

Akaaga kwa adabu na kwenda zake. Kidole alianguka magotini akimwomba mama yake radhi. Alitarajia kofi, au angalau matusi, lakini mama alikuwa amesimama tu akilitazama pazia lake mwenyewe kana kwamba halijui. Kisha akaichomoa rili ya uzi kwenye cherehani, akaitia mfukoni, akaifunika mashine kwa kitambaa.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "ndala yangu ilikuwa na kosa gani?"

Picha zile zenye giza Kidole amezirudisha, na ndala imo, ila cherehani ilikwisha kwenda kwa mnunuzi. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.