Sahani Iliyongoja Kuombewa

Ndugu zangu, kaeni vizuri mnisikilize. Mimi shule yangu ni ndogo, nitasema kama ninavyojua kusema.

Walikuwapo mume na mke, watu wazima, watu wa ibada. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Tusa, kwa hiyo wao kwa wao walikuwa Baba Tusa na Mama Tusa. Maisha yao yote hawakuwahi kujua likizo. Mwaka huo watoto wakachanga, wakawaambia: wazazi wetu, mmechoka, nendeni mkapumzike mjini, mlale kwenye hoteli kubwa, mle bila kupika.

Hoteli ile ilikuwa ya kasino. Unajua kasino? Ni nyumba ya kuchezea kamari, haina dirisha wala saa ya ukutani, ukiingia huwezi kujua kama nje kuna jua au mvua. Na mlango wake ulitazamana na ukumbi wa chakula. Kila mgeni akipewa ufunguo wa chumba, anapewa na kisarafu kimoja cha plastiki cha kujaribia mashine za kamari, bure. Baba Tusa alikipokea akakitia mfukoni. Cha bure utakikataaje?

Sasa Mama Tusa alikuwa mgonjwa wa sukari, wa kuchoma sindano. Walisafiri tangu alfajiri, tumboni hana kitu. Walipofika wakaambiwa chakula cha mchana kiko tayari, akajichoma sindano kule chumbani, kama daktari alivyomfundisha: ukishachoma, kula, usikawie, maana sindano inashusha sukari mwilini, na chakula ndicho kinairudisha. Wakashuka.

Ndugu zangu, kile chakula! Cha kujipakulia mwenyewe, unakula mpaka useme basi. Meza kwa meza. Pilau, ndizi kwa nyama, samaki wa nazi, maini, chapati zinazotoka jikoni zikifuka moshi. Baba Tusa akasimama na sahani yake, akacheka.

"Mama Tusa, hawa watu hawana akili. Wamemwachia Mnyakyusa mlaji kama mimi ajipakulie!"

"Pakua taratibu basi, tusije tukafukuzwa," mkewe akasema. "Na tusikawie, baba. Nimeshachoma sindano."

Wakajaza sahani, wakaketi. Baba Tusa akatazama huku na huku. "Pilipili iko wapi? Mimi pilau bila pilipili siwezi."

"Iko kule mwisho, karibu na mlango."

"Naifuata. Nisubiri, nije niombee chakula."

Hayo tu. Nisubiri, nije niombee chakula. Neno zuri, au siyo? Kwao ilikuwa sheria ya nyumba: baba hajaomba, mkono wa mtu haugusi sahani. Kuna siku alimkemea mkewe mbele ya watoto kwa kuonja mchuzi mezani kabla ya sala. Mama yule hakurudia tena.

Baba Tusa akaifikia pilipili, akaichota kwenye kisahani. Pale mlangoni akasikia kengele zinalia ndani ya kasino, watu wanashangilia. Akakumbuka kile kisarafu. Akajiambia: nikitumie tu kiishe, nirudi. Akaingia, akaweka kisahani cha pilipili juu ya mashine, akatumbukiza. Mashine ikamtapikia visarafu vingine, vikajaa kiganja. Akavirudisha. Ikampa tena.

Huku nyuma, Mama Tusa amekaa. Mhudumu mmoja, binti, akapita.

"Mama, mbona huli? Kinapoa hicho."

"Namsubiri mzee, mwanangu. Kaenda kuchukua pilipili."

"Pilipili gani hiyo, mama? Kaenda kuipanda?"

Wakacheka wote wawili. "Kula tu, mama yangu. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," mama akasema. "Mzee wangu je?"

Binti akaenda zake. Ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi, watu wamevaa masweta, lakini Mama Tusa akaanza kutoka jasho. Mikono ikatetemeka. Akamega kipande cha chapati, akakipeleka mpaka karibu na mdomo. Akatazama kule mlangoni. Akakirudisha sahanini. Mbele yake, ndugu zangu, umbali wa kunyoosha mkono tu, palikuwa na bakuli la sukari ya chai. Kijiko kimechomekwa ndani.

Mnataka kujua kama mume alimkumbuka? Alimkumbuka. Katikati ya zile kengele moyo ulimchoma: mke wangu na ile sindano! Kisha akajijibu mwenyewe: aa, chakula si kiko mbele yake? Atakuwa ameshaanza. Akatumbukiza kingine.

Wageni wakala, wakaondoka. Meza zikaanza kufunikwa. Mama Tusa akaona ukumbi unazunguka, akainamisha kichwa taratibu mbele ya sahani yake, mikono mapajani. Yule binti alikuja kuondoa vyombo, akamwona vile, akasimama. Akamnong'oneza mwenzake: "Tumwache kwanza. Mama anaomba." Wakapita kwa kunyata.

Baba Tusa alirudi mashine ilipokwisha kumnyang'anya vyote. Kisahani cha pilipili mkononi. Akamwona mkewe ameinama. Na mnajua alisema nini? Alisema, "Mama Tusa! Yaani umeshaanza kuomba bila mimi?"

Mkewe hakuinua kichwa. Akadhani mkewe amenuna. Akavuta kiti, akaketi, akafumba macho, akaomba. Aliomba vizuri, kwa sauti yake ya kanisani. "Bwana, twakushukuru kwa mema haya uliyotuandalia. Uwakumbuke na wenye njaa. Amina."

Akangoja amina ya mkewe.

Walimkimbiza hospitali. Walikuwa wamechelewa.

Sasa ninyi ninawajua. Mnangoja nikemee kamari. Tangu nilipotaja kasino mmestarehe, maana humu ndani nani anakwenda kasino? Mmekaa mnamwona mwenye dhambi, tena si ninyi. Kamari ni mbaya, nitaihubiri siku nyingine. Lakini pilipili ingetosha kumkawiza. Rafiki njiani angetosha. Kikao cha wazee wa kanisa kingetosha, nacho ni kitakatifu.

Na kuna mwingine hapo nyuma anasema moyoni: si angekula tu huyo mama? Mjinga gani anakufa njaa mbele ya pilau?

Ndugu yangu, nani alimfundisha asile? Shetani? Ni sisi. Ni sisi wenye kushika vitabu, sisi wababa, sisi tunaopenda kuitwa vichwa. Tulimwambia: usiguse mpaka nije. Tukaliita neno hilo heshima, tukaliita imani, naye akatuamini. Kisha hatukuja. Kumwambia mtu anisubiri ni kuyashika maisha yake mkononi, nasi tumeyashika kama kile kisahani, tukayaweka juu ya mashine. Binti anangoja baba aseme neno moja ndipo aendelee na maisha yake. Mke anangoja. Mgonjwa anangoja mchungaji, na mchungaji huyo mimi namjua vizuri, nalala naye kitanda kimoja, nanyoa ndevu zake. Tukikumbushwa tunasema: aa, si chakula kiko mbele yake?

Mtanidai neno la kufariji. Leo sinalo. Nimelitafuta wiki nzima sikulipata. Yule mzee yuko hai, kila siku anaombea chakula chake peke yake kwa sauti, kisha anangoja amina. Mimi siwezi kumwambia asingoje.

Ila nimesimama hapa mbele, nawatazama. Naona vichwa vingi vimeinama. Miaka yote nimeviona vimeinama nikafurahi, nikasema, kanisa langu linaomba.

Sitawaambia mseme amina. Geuka, umtazame aliyeinama hapo kando yako. Usipite kwa kunyata. Mguse bega.